Nani aliwahi kututangazia kwamba ile miezi 18 imekwisha?

MwanaItigi

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine hamjambo. Swali hili nimelibeba tangu nikiwa navaa kaptula, na leo nina wajukuu, kwa hiyo msinijibu harakaharaka.

Kampala ilipoanguka Aprili 1979, tuliambiwa nchi imetumia fedha nyingi kumwondoa Amin, basi wananchi tufunge mikanda miezi 18. Tulipiga makofi. Shuleni kwetu tulipangwa mstari tukaimba. Naomba mwenye kumbukumbu aniambie: ni kiongozi gani, siku gani, alisimama kwenye redio akasema, "Ndugu wananchi, miezi imetimia, legezeni"? Kwa hesabu yangu ilitakiwa iishe mwishoni mwa 1980. Mwishoni mwa 1980 ndiyo kwanza foleni za sukari zilikuwa zinakolea.

Kabla hamjanirukia: sipingi vita ile. Amin aliingia Kagera Oktoba 1978, akatangaza kwamba eneo lote mpaka mtoni ni lake. Mwalimu Nyerere alipotoka Novemba kusema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, hata wazee waliokuwa wamemnunia kwa kuhamishiwa vijijini walisimama. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Sasa mnisikilize. Mjomba wangu alikuwa na duka la rejareja na lori moja, Bedford, la kubeba mahindi na karanga kutoka vijijini kuja stesheni. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: wenye maduka binafsi wafunge, biashara ishikwe na duka la kijiji. Akafunga. Akabaki na lori. Novemba 1978 wakaja maofisa wawili na askari, wakasema gari linahitajika mbele. Aliwapa pamoja na turubai na tairi la akiba, akajaza na tangi, na kwa hiari yake, hilo nalisisitiza. Akapewa karatasi yenye mhuri kwamba vita ikimalizika gari litarudi au atalipwa.

Vita ikamalizika. Alipokwenda kuuliza ofisini, jibu: subiri, nchi imefunga mkanda. Mwaka uliofuata, subiri. Baadaye ofisa mwingine, faili halionekani. Akaungana na mwenzake kufufua gari kuukuu, likakosa matairi. Matairi yalikuwa kwa kibali, na kibali kilikuwa kwa mwenye ndugu. Akapata mawili kwa njia mnazozijua wenyewe. Mwaka 1983, kwenye msako wa wahujumu uchumi, yakakutwa uvunguni mwa kitanda. Mtu aliyetoa lori zima kwa ajili ya taifa akalala mahabusu kwa matairi mawili.

Kinachonichoma si umaskini. Kinachonichoma ni kwamba kila kilichoharibika kikapewa jina moja tu. Pamba imelala ghalani, vita. Zahanati haina klorokwini, vita. Daftari hakuna, vita. Duka la mjomba je, lilifungwa na vita ipi? Mwaka 1976 Amin alikuwa bado yuko Kampala anajivisha nishani.

Kwa hiyo swali ni hilo: miezi 18 iliisha lini, na ni kweli Kagera ndiyo iliyotumaliza, au kuna watu walijificha nyuma ya wanajeshi wetu?

---

kijana_wa_juzi

Shikamoo mzee. Mimi nimezaliwa baada ya enzi za ruksa za Mzee Mwinyi kwa hiyo nitakosolewa, ila ulitaka serikali ifanyeje? OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, inakwambia kaa mezani, Libya inampa Amin askari na silaha, wewe unapigana kwa fedha yako. Lazima njaa ije. Wazee mnataka ushindi bure.

---

MwanaItigi

Marahaba. Soma tena nilipoandika "sipingi vita ile". Ukimaliza, nionyeshe mahali nilipoomba ushindi bure. Mjomba alitoa lori. Wewe umetoa nini, bando?

---

Ng'ambo ya Kyaka

Mimi ni mtu wa kaskazini ya Mto Kagera, upande wa kuelekea Mutukula. Daraja la Kyaka lilipovunjwa, waliochelewa kuvuka walibaki mikononi mwa askari wa Amin. Kiwanda cha sukari kilikombwa mpaka mashine. Ng'ombe wa ranchi ya Misenyi waliswagwa kwa maelfu kwenda Uganda, na wa kwetu nyumbani wakachanganywa humohumo. Baba yangu mdogo alirudi kuchukua mbuzi, hatukumwona tena.

Kwa hiyo nikisikia watu wa reli ya kati wanalalamikia foleni ya sukari, naomba radhi, huwa nacheka kidogo. Sisi hatukuambiwa tufunge mkanda. Hatukuwa na suruali.

Lakini mleta mada hajakosea. Tuliporudi tuliambiwa tutajengewa. Yalikuja mabati ya kugawana, yakagawanywa kwa wanaojuana, na kila tukiuliza tunaambiwa gharama za vita zimeelemea taifa. Fikiria: unamwambia mtu aliyechomewa nyumba kwamba huwezi kumsaidia kwa sababu ya vita iliyomchomea nyumba. Mpaka leo kila Julai 25 nikisikia habari za mashujaa nawakumbuka waliolala makaburi ya wanajeshi ya Kaboya, nanyamaza, maana wao hawana kosa. Ila usiniambie nipende na waliokuwa wanagawa mabati.

---

MstaafuHesabu

Nilikuwa karani wa hesabu kwenye mamlaka mojawapo ya mazao, naomba nafasi ndefu kidogo.

MwanaItigi, ukitaka kujua nani alijificha nyuma ya nani, fuata tarehe. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976. Vile vilikuwa na magari, maghala na watu waliojua mkulima gani ana magunia mangapi. Kazi ikaletwa kwetu kwenye mamlaka na mashirika. Tulikuwa na ofisi nzuri na mafaili mengi, pamba hatukuijua. Mkulima analeta mazao, anapewa karatasi, fedha inakuja baada ya msimu. Bei ilipangwa Dar es Salaam na haikufuata kupanda kwa bei ya jembe. Mtu wa Kigoma au Mbeya angekosaje kuvusha mazao mpakani usiku? Sisi tukaita magendo. Na mimi mwenyewe niliita magendo, kwenye ripoti, kwa mashine ya chapa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, tukalazimika kuanzisha shirika letu la ndege, la reli, la posta. Fedha za kufanyia hayo zilikuwapo kwa sababu kahawa ilipanda sana 1976 na 1977 baada ya baridi kali kuua mibuni Brazil. Kisha mapema 1978, kwa ushauri wa wakubwa wa nje, serikali ikalegeza uagizaji. Bidhaa zikajaa madukani, watu wakafurahi, na akiba ya fedha za kigeni ikayeyuka ndani ya mwaka uleule. Yaani Amin anavuka mpaka Oktoba, hazina tayari imekauka. Hili halisemwi sana, kwa sababu haliwafurahishi walioipenda serikali wala walioipenda Benki ya Dunia.

Halafu ndiyo vita. Gharama inayotajwa ni karibu dola milioni 500, na kwa nchi kama yetu wakati ule hizo ni fedha za kutisha. Mafuta nayo, kutoka kama dola 13 pipa mwaka 1978, yakapita 30 mwaka 1980 baada ya mapinduzi ya Iran. Kwa hiyo hapana, sikubali kwamba vita ilikuwa kisingizio kitupu. Ilikuwa deni la kweli. Kosa ni kulibandika juu ya madeni mengine yote mpaka yasionekane.

Mwishoni mwa 1979 watu wa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, walikuja na masharti: shusha thamani ya shilingi, punguza matumizi. Mwalimu akakataa, Mtei akajiuzulu uwaziri wa fedha. Leo kila mtu anamsifu Mtei. Mimi sina hakika. Masharti yaleyale yalipokuja kukubaliwa 1986, dola ilitoka kama shilingi 17 ikawa 40, na mshahara wangu ulibaki palepale. Niliuza baiskeli mwaka ule. Ila najua pia kwamba tulichelewa miaka saba, na katika miaka hiyo saba waliosota si waliokuwa wanabishana hotelini.

Sasa jibu la swali lako. Hakuna aliyetangaza. Lakini ukinibana nikupe tarehe nitasema bajeti ya Juni 1984. Serikali iliruhusu mtu yeyote mwenye fedha zake nje ya nchi aagize bidhaa alete, na hataulizwa amezipata wapi. Baada ya hapo madukani kukaanza kuonekana kanga, sabuni, betri, matairi. Huo ndio mkanda ulipolegezwa, kimyakimya.

---

MwanaItigi

Mstaafu, umenitonesha kidonda. Ngoja niandike polepole nisije nikatukana.

Yaani 1983 mjomba analala mahabusu kwa matairi mawili aliyonunua kwa shilingi zake alizozichuma hapahapa. Mwaka mmoja baadaye, aliyekuwa ameficha dola Nairobi au London anaambiwa karibu, leta kontena, hatukuulizi. Na wote wawili walikuwa chini ya serikali ileile, Azimio la Arusha lilelile, redio ileile inaimba nyimbo zilezile.

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Si kwamba walibadilika, kubadilika kulihitajika. Wangesema tu. Wangekuja stesheni kwetu, wasimame juu ya meza, waseme kuhusu maduka tulifanya vibaya, kuhusu ushirika tulifanya vibaya, vita ni hiki kiasi, mafuta ni hiki kiasi, na wewe mwenye lori tunakuomba radhi. Watu wa kwetu wangesamehe kabla ya jua kuzama. Watu waliotoa ng'ombe na magunia kwa ajili ya vita bila kuombwa mara mbili, mnafikiri wangeshindwa kuelewa hesabu?

Walituona tunafaa kufa lakini hatufai kuelezwa.

---

Mama wa Foleni

Nami nichangie. Mwaka huo wa msako mama yangu alikuwa na katoni moja na nusu ya sabuni, alikuwa anauza kipande kipande kwa majirani. Jioni ikapita habari kwamba wanapekua mtaa wa pili. Tulizibeba usiku mimi na kaka yangu tukazimwaga mtoni, na hatukuwa peke yetu, kando ya mto kulikuwa na watu kama kwenye ubatizo. Wiki iliyofuata tukafulia majani ya mpapai kama kawaida.

Cha ajabu, mama alimpenda Sokoine, waziri mkuu wa wakati ule, mpaka anaingia kaburini. Sokoine alipofariki kwa ajali ile ya Aprili 1984 mama alilia kuliko alivyomlilia mumewe. Nikimwambia mama, huyu si ndiye aliyekumwagisha sabuni? Ananijibu, "Yeye alikuwa anawatafuta wakubwa, sisi tulikumbwa tu." Sijui kama ni kweli. Lakini wakubwa walikuwepo, hilo nalijua, maana kwenye harusi zao soda hazikukosekana hata siku moja.

---

kijana_wa_juzi

Mzee samahani kwa pale juu. Kwani hiyo karatasi ya lori bado ipo?

---

MwanaItigi

Ipo kwa binamu yangu, ndani ya Biblia. Mhuri umefifia, namba ya gari inasomeka, cheo cha aliyesaini kinasomeka, jina ni mchoro tu. Mjomba alifariki bila kulipwa senti. Sitafuti utajiri, lori lile leo ni vyuma chakavu mahali fulani huko Masaka, Uganda. Nataka tu ofisi moja iniandikie kwamba ndiyo, tulilichukua.

---

MstaafuHesabu

Basi fanya hivi. Andika barua fupi, usiweke siasa wala hasira hata kama unayo: tarehe, namba ya gari, cheo cha aliyesaini, mahali. Peleka mkoani, wakugongee nakala yako kwamba wamepokea. Nakala nyingine peleka Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa uombe kuona kama kuna mafaili ya magari yaliyochukuliwa mkoani kwenu. Usitarajie haraka.

Karatasi yenyewe itoleeni nakala nyingi kabla hamjaanza safari. Atakayesema lazima aone ile halisi, mwonyesheni huku mmeishika. Asiondoke nayo hata chumba cha pili, hata akisema anakwenda kupiga fotokopi.

---

MwanaItigi

Nimekuelewa mkuu. Binamu ameshaambiwa. Anauliza kama aitoe kwenye Biblia au aende na Biblia yote.