Sebule ndogo, fundi anataka kuniwekea jipsam na taa 14. Naomba ushauri kabla sijalipa

BintiKinyerezi:
Wakuu, habari za jioni.

Tumejenga Kinyerezi, sebule yetu ni mita 3 kwa 4. Fundi umeme ameniletea hesabu ya dari la jipsam la ngazi mbili, taa 14 za kuzama na stripu za rangi kuzunguka. Dukani nako wananisukuma nichukue seti ya makochi ya watu saba. Mume wangu amesema niamue mimi.

Moyo wangu uko kwingine. Mwaka jana hoteli moja ya zamani ilipiga mnada vitu vyake, nikanunua kiti cha mbao iliyopindwa, kalio limesukwa kwa henzirani. Mguu wa nyuma unapanda, unakuwa mgongo, unakunja juu na kushuka upande wa pili ukawa mguu tena, kipande kimoja. Kila nikipita nakipapasa. Nataka chumba kizima kiwe na utulivu wa kiti kile. Nianzie wapi? Na taa je? Chini ya balbu yangu nyeupe ya katikati wageni wote wanaonekana wagonjwa.

SeremalaKeko:
Dada, kipindue kiti hicho utuambie umeona nini chini. Ukitaka kumjua fundi, tazama pale alipodhani hutatazama.

BintiKinyerezi:
Nimekipindua. Kuna duara la mbao linaloshika miguu yote minne, na skrubu. Sioni msumari wala gundi iliyochuruzika.

SeremalaKeko:
Basi hicho ni cha ukoo wa kiti namba 14 cha fundi samani Michael Thonet, kama si chenyewe. Kilitoka Vienna mwaka 1859. Mbao zilipikwa kwa mvuke zikalainika, zikakunjwa kwenye kalibu ya chuma na kuachwa zikauke humo. Kiti kizima ni vipande 6 vya mbao, skrubu 10 na nati 2. Vikifunguliwa, viti 36 vilienea kwenye sanduku la mita 1 kila upande, vikasafirishwa na kufungwa hukohuko viendako. Umbo unalolipapasa limetokana na hesabu hiyo, kila kisichobeba uzito kimeondolewa.

Ukienda kwa fundi, mwambie kochi la watu wawili la mninga au msaji, miguu yake ionekane, chini ibaki sentimita 15 au zaidi. Jicho likiona sakafu inaendelea chini ya kochi, chumba hupanuka. Na ufagio unapita.

Mzigua_Aarhus:
Mimi niongee taa. Huku Denmark mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo taa ni jambo zito. Mbunifu wa taa wa hapa, Poul Henningsen, alihangaika miaka mingi na swali moja: balbu ifichwe vipi mwanga usipotee? Taa zake za vifuniko vitatu zilianza miaka ya 1925 na 1926. Ile taa yake iitwayo PH 5 ya 1958, yenye kifuniko cha juu cha upana wa sentimita 50, ninayo juu ya meza ya chakula. Nikae, nisimame, balbu siioni. Kinachonifikia ni mwanga uliokwisha kugonga vifuniko. Ndani kuna vipande vidogo vyekundu na vya buluu vya kurekebisha rangi yake.

Huna haja ya kuinunua, ni ghali mno. Chukua somo lake: balbu isionekane, na taa ishuke. Mezani iwe sentimita 60 hivi juu ya meza. Soma boksi la balbu: hiyo inayowafanya wageni wagonjwa bila shaka ni 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba kubwa ni weupe wa baridi). Tafuta 2700K, yenye mwanga wa manjano.

MkandarasiMdogo:
Tofauti kidogo na wenzangu. Jipsam inapendeza, na siku ukitaka kuuza nyumba wanunuzi wanaiulizia. Usiidharau.

Mwana wa Lamu:
Haidharauliwi, ila kwenye dari la chini ngazi mbili zitamkalia kichwani. Nyumba zetu za kale vyumba ni vyembamba, havifiki mita 3, kwa sababu boriti za mikoko ndizo zilizopanga upana. Wazee hawakuvijaza. Uzuri waliuweka ukutani, kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, katikati pakabaki pa watu. Dada, ukuta mmoja uuache mtupu kwanza, ukae nao mwezi.

BintiKinyerezi:
Mrejesho wakuu. Jana nimenunua balbu ya LED ya 2700K, mume wangu akaurefusha waya hadi juu ya meza. Kifuniko sikuwa nacho, nikachukua kawa la ukindu alilonipa mama mkwe, nikalitoboa kileleni. Mwanga unashuka mezani, na ule unaopenya kwenye msuko unachora vimistari ukutani. Kijana wangu kahamishia madaftari yake hapo bila kuambiwa.

Mzigua_Aarhus:
Safi sana! Ila ibaki LED tu, isiguse ukindu. Balbu za zamani za waya zina moto, zitauunguza.

BintiKinyerezi:
Nimekuelewa kaka, asante. Kesho namwambia fundi afute zile taa 14. Nataka sehemu tatu: mezani, pembeni ya kochi, na moja ya kumulika ukuta nyuma ya kiti changu. SeremalaKeko, nakuja PM tuongelee mninga.