Kiwanja karibu na Ziwa Victoria: Mwanza, Musoma au Bukoba?

Vumbi_la_Dom: Wakuu, habari zenu. Nimechoka na Dodoma, nataka kiwanja karibu na ziwa. Nimebakiwa na miji mitatu: Mwanza, Musoma, Bukoba. Wenyeji nishaurini haraka, dalali anataka jibu Ijumaa.

Kirumba_Juu: Kiwanja cha nini? Kuishi, kupangisha, kufuga? Bajeti? Kimepimwa? Umeingia hotelini, umeagiza "chakula", umenyamaza.

Mama_Sato: Musoma, usihangaike. Mji unauzunguka kwa miguu, upepo wa ziwa unaingia mpaka chumbani. Mwanza utapanda milima ya mawe na ndoo hadi uzeeke.

Kirumba_Juu: Mama, hayo mawe ndiyo msingi wenyewe. Nyumba yangu imekaa juu ya jabali, haina ufa hata mmoja. Ila sitadanganya, gari la tofali liliishia barabarani chini, vijana wakapandisha kichwani, na kila tofali lilikuwa na nauli yake.

Mtumbwi_Mkavu: Kijana, kabla ya mji, uliza maji yako wapi. 2017 nilinunua upande wa Magu. Dalali alinipeleka kiangazi, tukapima kwa hatua kutoka kwenye mwembe mpaka majini: hatua 40. Nikaambiwa niharakishe, kuna mteja anatoka Shinyanga. Tukaandikiana chini ya mwembe huohuo, mashahidi wakanywa soda, nikalipa. Nilipotaka hati, mpimaji akacheka: sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, hapo hapajengwi kitu cha kudumu. Nikasema basi nitalima mchicha. Ikaja 2020, ziwa likajaa. Leo wavuvi wanafunga mitumbwi kwenye ule mwembe, na wananiamkia vizuri tu, "shikamoo mwenye shamba".

Mama_Sato: Pole baba. Nimecheka lakini.

Vumbi_la_Dom: Samahani, nilisahau. Ni kwa ajili ya mama, amestaafu, ana presha. Bajeti milioni 15, kiwanja tu. Cha dalali kipo "hatua chache kutoka majini".

Kirumba_Juu: Hatua chache! Umesoma alichoandika mzee hapo juu? Na kama ana presha, Mwanza kuna hospitali ya Bugando, kanda nzima inakuja huku.

Mama_Sato: Musoma kuna hospitali ya rufaa pale Kwangwa. Msitutenge.

Omwana_wa_Kagera: Mbona Bukoba hamuitaji? Ule upepo unavuka ziwa zima, mvua yake inakuja kutua kwetu. Kijani mwaka mzima, ndizi mlangoni. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kulala foleni ya kivuko ukitoka Mwanza kuja kwetu.

Kirumba_Juu: Na tetemeko la Septemba 2016? Nyumba ngapi zilianguka?

Omwana_wa_Kagera: Jenga na nondo. Halafu Novemba mama anakula senene bure.

Mama_Sato: Senene ni panzi tu, mnawapamba.

Omwana_wa_Kagera: Panzi?! Dada, futa hiyo kauli. Mtu anayekula dagaa na kichwa chake hana la kusema.

Mama_Sato: Dagaa wetu wanaanikwa juu ya chanja, hawana mchanga. Njoo Musoma uonje ndipo uongee.

Kirumba_Juu: Turudi kwa mama wa watu. Mwenyewe anataka wapi? Umemuuliza?

Vumbi_la_Dom: Bado. Nilitaka iwe zawadi.

Omwana_wa_Kagera: Kwao wapi?

Vumbi_la_Dom: Kondoa. Hajawahi kupanda hata mtumbwi.

Mama_Sato: Mungu wangu.

Vumbi_la_Dom: Dalali kapiga sasa hivi. Anasema kuna mteja mwingine yuko njiani.

Mtumbwi_Mkavu: Anatoka Shinyanga?