Nataka kutengeneza nyundo za mashine ya kusaga, nianzie wapi?

kijana_wa_mbozi
Habari za jioni wakuu. Mimi mwanachuo, uhandisi mitambo mwaka wa 3, swali langu refu kidogo naomba mnivumilie. Mama mdogo ana mashine ya kusaga huku Mbozi, ile ya nyundo (vipande vya chuma vinavyozunguka na kupiga mahindi) inayozungushwa na injini ya dizeli, na ilikuwa inakula beringi balaa, fundi anakuja anafunga mpya anachukua hela yake anaondoka, mashine inatetemeka vilevile. Likizo hii nikaifungua. Kumbe beringi hazina kosa, tatizo ni nyundo, zilikuwa zinabadilishwa mojamoja kila ikikatika, sasa upande mmoja mpya upande wa pili zimelika vibaya. Nikaazima mzani mdogo nikazipima zote. Piga hesabu, tofauti ya gramu 20 tu, ikiwa sentimita 20 kutoka katikati ya shafti, mashine ikizunguka mara 3000 kwa dakika, inavuta karibu newtoni 400, yani kama umening'iniza kilo 40 upande mmoja halafu huo mzigo unazunguka mara 50 kila sekunde! Beringi gani itavumilia hiyo. Nikazipanga upya zinazotazamana ziwe na uzito sawa, nzito nikazipunguza na grenda, mashine imetulia.

Sasa wenye mashine wengine wanakuja kuniulizia nyundo. Za hapa mafundi wanakata kwenye springi za Fuso, zingine zinaisha haraka zingine zinakatika. Nataka nitengeneze za kwangu niuze kwa seti, zimepimwa kabisa. Na mbele ya safari ndoto yangu ni kiwanda cha vipuri vya mashine za mazao, hilo silifichi. Je chuma nikikaze vipi kiwe kigumu, na nikimaliza chuo niende kutafuta ajira au nianze na hiki?

Fundi_Gerezani
Dogo hongera, wengi wanaishia kubadilisha beringi tu. Springi ya gari ni chuma kizuri, tatizo watu wanakikata na grenda bila kukipoza, moto ukizidi unazilainisha kona mwenyewe, nyundo inaisha mapema. Fanya hivi: kwanza kilainishe, pasha mpaka kiwe chekundu halafu kizike kwenye majivu makavu kilale humo mpaka asubuhi. Hapo ndo ukate na utoboe matundu yote. Ukimaliza pasha tena ule upande unaopiga mahindi, jaribu na sumaku, ikiacha kushika ongeza moto kidogo tu kisha zamisha kwenye oili. OILI sio maji, chuma cha springi ukikitia maji kinapasuka, ufa mwingine huuoni kwa macho. Halafu usikiache hivyo, kitakuwa kigumu ila kinavunjika, kisafishe king'ae kipashe taratibu mpaka rangi iwe ya majani makavu kuelekea kahawia, kiache kipoe. Upande wa tundu la kuning'inizia usiukaze, ubaki laini, nyundo nyingi zinakatikia pale.

MzeeWaHesabu
Mimi nitakuwa mkweli, unapoteza muda kijana. Nyundo za China zimejaa madukani, nani atanunua yako? Maliza shule utafute kazi.

injinia_mstaafu
Mzee hapo juu sikubaliani na wewe hata kidogo. Nyundo ya dukani inakuja na kipimo kimoja, mashine za vijijini zimechongwa na mafundi tofauti, tundu hili halilingani na lile, mwenye mashine anaishia kuitanua mwenyewe. Huyu kijana yuko jirani na mteja na anaijua mashine, hiyo ni faida kubwa.

Mwanangu, umeshaonyesha unajua kutafuta chanzo. Sasa kutengeneza nyundo nzuri moja ni ufundi, kutengeneza 200 zinazofanana ndo uhandisi wa uzalishaji, na hapo ndo pagumu. Kabla hujanunua chuma tengeneza jigi ya kutobolea, kipande kinene chenye vituo vya kushikilia, tundu litoke palepale kila mara bila kupima upya. Tengeneza na kipimo cha pini mbili, moja lazima ipite kwenye tundu na nyingine isipite, hata kijana uliyemwajiri leo ataweza kukagua. Kila ukiwasha moto andika springi imetoka gari gani, oili gani, imedumu magunia mangapi. Bila daftari utakuwa unabahatisha.

Kuhusu ajira, ukihitimu ingia kwenye ule mpango wa ERB (bodi ya usajili wa wahandisi) wa miaka 3 wa wahandisi wahitimu, omba upelekwe kiwandani kabisa sio ofisini. Na hata sasa nenda SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, ipo tangu 1973 na mikoani ipo, uliza mashine na ushauri. Arusha kuna TEMDO, kazi yao ndo hii hii ya kubuni mitambo.

Kiprop_wa_posho
Niko Eldoret, nina posho mill mbili. Boss ukiuza set iliyopimwa mimi naweza nunua, hapa mafundi wa jua kali wananiletea kila moja na uzito wake. Kitu kimoja tu, uzito ukilingana bado haitoshi, angalia pia tundu liko umbali sawa kutoka ncha, mbili zinaweza kuwa na gramu sawa lakini moja uzito wake umekaa chini zaidi, mashine itatetemeka tu. Na ziwe na tundu pande zote mbili ndio ikilika naigeuza.

kijana_wa_mbozi
Wakuu asanteni sana, hasa la umbali wa tundu sikuwa nimelifikiria, jigi ya injinia italimaliza hilo. Wiki ijayo naanza na jigi kabla ya kugusa springi yoyote. Seti ya kwanza naifunga kwa mama mdogo, simuuzii mtu mpaka nione imesaga msimu mzima wa mavuno. Fundi, nitajuaje kama kuna ufa baada ya oili?

Fundi_Gerezani
Ifute kavu, ilaze kwenye mafuta ya taa usiku mzima, asubuhi futa tena halafu paka chaki juu. Penye ufa mafuta yatatoka yachore mstari. Ikionyesha mstari tupa, usiseme utaichomelea, ikikatika kwa spidi ile inatoboa bodi na mbele yake kuna mtu kashika debe.