Naomba ushauri: ramani ya watu wa vijiji vya mto Crna, Makedonia Kaskazini

Wakuu habari za leo. Naandaa ramani ya idadi ya watu kwa vijiji vya Mariovo, kusini mwa Makedonia Kaskazini, na nimekwama.

Mto Crna unapita taratibu kwenye tambarare ya Pelagonia, kisha pale Skočivir unaingia korongoni, milimani. Huko ndiko kuna Zovik, Staravina na Gradešnica: nyumba za mawe, malisho ya kondoo, wazee wachache. Vita vya 1916 kwenye kona ya mto viliumiza sana eneo lile, halafu baada ya Vita vya Pili vijana wakahamia viwandani, Bitola na Prilep, na wengine ng'ambo.

Shida yangu ni sensa. Ya 2002 ilitoa watu 2,022,547 nchi nzima. Ya 2021 imetenga wakazi 1,836,713 na raia 260,606 walioko nje. Sasa kijiji chenye vikongwe wawili watatu, na ukoo mzima uko Australia, nikiandikeje? Mimi naona wakazi tu ndio wahesabiwe, maana mtu aliyeko Melbourne hachoti maji Crna. Msimamizi wangu ana mawazo mengine.

Pia, kwa vijiji vidogo hivyo mngetumia nukta moja kwa kila mtu, au miduara ya ukubwa tofauti? Miduara inapotea kabisa nikiweka na Bitola kwenye karatasi moja. Waliowahi kuchora ramani za vijiji vinavyohamwa, nisaidieni.