Nipimeje umahiri wa kuzungumza Kiingereza katika darasa la wanafunzi 90?

Swali
Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha Kiingereza darasa la wanafunzi 90, ambamo kitabu kimoja hutumiwa na wanafunzi sita na zana nyingine ni ubao na chaki pekee. Mtaala unanitaka nipime kile ambacho kila mwanafunzi anaweza kukifanya kwa lugha, si kanuni alizokariri, nami nakubaliana nao kwa dhati. Hata hivyo, nikimsikiliza kila mmoja kwa dakika mbili tu nahitaji dakika 180, ilhali kipindi ni cha dakika 40. Mwishowe najaza fomu za tathmini kwa kukisia, na jambo hilo linaniumiza. Nifanyeje?

Jibu la kwanza
Pole sana, mwalimu. Usiwapime wote siku moja. Darasa zima likizungumza wawili wawili, pita ukiwasikiliza wanafunzi 8 uliowachagua bila kuwatangaza. Kwa vipindi vitano kwa wiki, utawafikia wote ndani ya wiki ya tatu.

Kubwa zaidi, uvunje umahiri wenyewe uwe tendo dogo. "Kuwasiliana kwa ufasaha" hakupimiki, lakini kumwelekeza mgeni kutoka langoni hadi ofisini kunapimika, kwa sababu ama anafika ama anapotea. Chora ramani ubaoni: mmoja aitazame na kueleza njia kwa Kiingereza, na mwenzake, akiwa ameupa ubao mgongo, aichore daftarini kwa kufuata anachosikia. Mmoja asipokuwa na habari ambayo mwenzake anaihitaji, wanafunzi hukariri mazungumzo tu na hawana sababu ya kusikilizana. Michoro hiyo, wakishailinganisha wenyewe na ramani, inakuachia ushahidi wa darasa zima bila karatasi hata moja ya ziada.

Jibu la pili
Naunga mkono zoezi la ramani, ila nina tahadhari. Wanafunzi wasio na maneno ya kutosha watarudi kwenye lugha yao ya nyumbani, nao hawana kosa. Tumia dakika kumi za mwanzo kufundisha vitenzi na vihusishi vya mahali watakavyovihitaji, na uviache ubaoni. Wapo wanaodhani kwamba ufundishaji wa umahiri umefuta sarufi. Dell Hymes, mwanaisimu wa Marekani aliyeeleza dhana ya umilisi wa mawasiliano, hakuitupa sarufi. Alisisitiza kwamba mjuzi wa lugha hujua pia wakati wa kusema, la kusema na wa kumwambia.

Mwuliza swali
Nashukuru sana. Nimelijaribu zoezi hili leo, na msichana ambaye hajawahi kunyoosha mkono amemfikisha mwenzake ofisini. Kinachonisumbua sasa ni mtihani wa mwisho, ambao ni wa kuandika tu.

Jibu la kwanza
Kesho waandike maelekezo yaleyale kama aya, kila mmoja peke yake, kisha wabadilishane madaftari na kujaribu kuzifuata njia hizo.