Warsha ya malaria "mubashara": tumehesabiwa kuwa washiriki, na hatukusikia kitu

Wakuu, nimenyamaza siku 3, leo nasema.

Mimi ni mteknolojia wa maabara wilayani, mkoa wa Kigoma. Wiki iliyopita kulikuwa na warsha ya kisayansi Dar es Salaam kuhusu usugu wa vimelea vya malaria kwa dawa mseto. Waandaaji siwataji. Tangazo lilisema sisi wa mikoani tutafuatilia mubashara kwa linki, tutauliza maswali na tutapewa cheti kama walioko ukumbini. Nikabadilishana zamu na mwenzangu, nikanunua bando la GB 10 kwa hela yangu.

Ratiba imeandikwa saa 3:00 asubuhi. Nimeingia saa 2:45. Mpaka saa 4:20 tunaangalia viti na meza yenye maua, mgeni rasmi hajafika, na hakuna aliyetuandikia hata neno moja. Picha inayorushwa kwa megabiti 2.5 kwa sekunde inakula zaidi ya GB 1 kwa saa. Karibu GB 2 za bando langu zimeisha nikitazama viti!

Mada zilipoanza ikawa balaa zaidi. Sauti inachukuliwa na maiki ya laptopu iliyowekwa nyuma kabisa ya ukumbi. Tunasikia kiyoyozi, vijiko vya chai, na mabwana wawili waliokaa karibu nayo wakiulizana habari za posho. Mtoa mada yuko mbali kama anaongea ndani ya pipa. Na ukumbi una spika na miksa ya sauti, tunaviona kwenye picha! Waya mmoja tu kutoka kwenye miksa kwenda kwenye ile laptopu, yangeisha. Slaidi ukutani ni weupe mtupu. Tukaandika: sauti, jamani sauti, tafadhali sauti. Hakuna aliyekuwa anasoma.

Msije mkaniambia intaneti ya mikoani ni mbovu. Rangi za yale maua nilikuwa naziona vizuri. Na hata kwa mwenye mtandao dhaifu dawa ipo: sauti peke yake, kilobiti 64 kwa sekunde, haifiki MB 30 kwa saa nzima. Wangetutumia slaidi asubuhi kwenye kundi la WhatsApp, tukafungua wenyewe, tukasikiliza sauti. Haigharimu hata shilingi.

Kinachoniuma ni hiki. Kuna mabadiliko ya jeni ya vimelea yanayoitwa R561H, yanayohusishwa na usugu kwa dawa, yalionekana Rwanda, kisha yakaonekana Kagera. Kagera tumepakana nao. Mgonjwa anameza ALu, dawa mseto ya malaria, vizuri, dozi zote, siku ya 3 ukiweka damu yake kwenye hadubini vimelea bado vipo. Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa wa namna hiyo wakifika asilimia 10 ya waliotibiwa, shuku usugu. Sasa nani anaipaka rangi ya Giemsa hiyo slaidi ya damu ya siku ya 3? Nani anahesabu vimelea? Ni sisi wa huku, tulioachiwa maua na viti.

Siku ya pili baada ya chai ikaja mada niliyoisubiri kuliko zote: kukusanya matone ya damu kwenye karatasi ya chujio ili yakapimwe jeni. Swali langu nililiandika mara 4. Mara ya nne nimemaliza tu kubonyeza, mshereheshaji anashika maiki anasema, "Wenzetu wa mtandaoni naona wako kimya, tuendelee."

Kimya! Ujumbe wetu umejaa kioo kizima. Nilifunga laptopu nikatoka nje, maana nilikuwa natetemeka.

Rekodi waliyoahidi haijawekwa hadi leo. Cheti ndicho kimefika, haraka sana, kimeandikwa nimeshiriki kikamilifu. Na kwenye ripoti kwa wafadhili najua tutaandikwa kwa idadi, mikoa mingapi, wangapi wanawake, wangapi wanaume. Cheti hicho sikipeleki popote. Nikikipeleka nipewe pointi za mafunzo nitakuwa nimesema uongo.

Kama kuna mtu humu alikuwa ukumbini siku ile ya pili, naomba anisaidie. Karatasi ikishakauka na kufungwa kwenye mfuko wenye silika jeli (vile vichembe vya kufyonza unyevu), kwa joto na unyevu wa masika ya huku, bila friji, inakaa muda gani kabla DNA haijaharibika? Silika jeli nibadilishe baada ya muda gani? Nina karatasi 23 kwenye kabati, na gari la sampuli halijapita huku tangu mwezi uliopita.