Nataka kufunga geji ya chaji ya betri kwenye pikipiki, umeme niutoe wapi?

UganiMgeta

Habari za majukumu wakuu. Mimi ni afisa ugani, kazi yangu ni kupanda na kushuka milima ya Mgeta: Langali, Nyandira na vijiji vya pembeni. Pikipiki ni ya Kihindi, cc 150, ina selfu na kiki, betri ni 12V 5Ah, ile ya kuziba isiyoongezwa maji.

Kule ukungu ukishuka huoni mita kumi mbele, kwa hiyo nilifungiwa spoti mbili za ledi, kila moja imeandikwa wati 20. Nikaweka na chaja ya simu kwenye usukani maana taarifa za wakulima nazijaza kwenye simu. Tangu hapo asubuhi nikibonyeza selfu inasema "tik" halafu kimya, napiga kiki. Betri ya mwanzo ilikufa, nikanunua nyingine, na hii nayo naona inaelekea huko huko.

Dashibodi inanionyesha spidi na mafuta. Hali ya betri siijui mpaka siku inayokataa. Nimeona vigeji vidogo vya namba, na fundi wa huku anasema ataunga moja kwa moja kwenye betri, dakika tano kazi imeisha. Ni sawa? Na ile namba naisomaje? Kuna pia geji ya joto la injini, inafaa kwa milima?

KijiweMsamvu

Dada, mimi natumia ile yenye matundu mawili ya chaja na namba za volti katikati. Inakaa vizuri kwenye usukani. Chukua yenye kifuniko cha mpira kinachobana, maji yakiingia kwenye matundu vile vyuma vya ndani vinaota kutu.

Ila usikubali iungwe moja kwa moja kwenye betri. Mwenzetu hapa kijiweni aliungiwa hivyo, akasafiri kwenda msibani, kurudi betri haiwashi hata indiketa.

FundiWaya

Dada, pole na milima. Hili jambo naomba nilieleze taratibu kwa sababu naona betri nyingi nzuri zinatupwa wakati hazina kosa.

Kwanza hilo la kuunga moja kwa moja. Kigeji cha namba kinakula umeme kidogo sana, tuseme miliampea 20. Lakini kinakula usiku na mchana. Kwa saa 24 ni karibu nusu ampea-saa, na betri yako nzima ni 5. Ukiiacha pikipiki wiki moja na nusu umeimaliza bila kuwasha chochote. Geji lazima izimike ukitoa ufunguo.

Usikimbilie kuchukua umeme kwenye waya wa taa kubwa. Pikipiki ndogo nyingi, hasa za zamani, taa kubwa inalishwa na magneti (kizalisha umeme kinachozungushwa na injini) moja kwa moja bila kupita kwenye betri. Umeme huo ni wa kupanda na kushuka (AC), na geji ikiunganishwa hapo itakudanganya au itaungua. Kujua yako ikoje: zima injini, fungua ufunguo, washa taa. Ikiwaka, inatumia betri. Ikigoma mpaka injini iwake, ni ya magneti.

Waya salama ni ule unaoingia swichi ya breki ya nyuma. Mmoja kati ya zile nyaya mbili una umeme muda wote ufunguo ukiwa wazi, na ni umeme wa betri. Kasoro yake ni kwamba umeme huo umepita kwenye swichi ya ufunguo na soketi kadhaa, zikiwa na kutu unapungua njiani. Unaweza kuona 12.2 kwenye geji wakati betri yenyewe ina 12.6, ukaenda kununua betri nyingine bure.

Kwa hiyo kwako wewe mwenye spoti na chaja, mimi ningefunga rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) ya miguu minne, ile ya kawaida ya magari, chini ya siti. Mguu wa 30 unatoka chanya ya betri ukipitia fyuzi ya ampea 7.5, na fyuzi ikae jirani kabisa na betri. Mguu wa 86 unapata ule waya wa swichi ya breki, 85 unaenda bodi, yaani kwenye chuma cha pikipiki (hasi). Mguu wa 87 ndio unaolisha kila ulichoongeza: chaja, spoti zikiwa na swichi yao mbele ya hapo, na geji ikiwa na fyuzi yake ya ampea 1 kwa sababu waya wake ni mwembamba. Ukifungua ufunguo rilei inagonga, geji inasoma betri karibu kama ilivyo. Ukitoa ufunguo vyote vinalala. Na swichi ya ufunguo haibebi tena mzigo wa spoti. Hiyo peke yake inaokoa mambo, kuna swichi nimezifungua plastiki ya ndani imeyeyuka kama mshumaa.

Kazi ifanywe kwa kulehemu maungio na kuvalisha mpira wa kusinyaa. Kusokota waya na kuzungushia tepu nyeusi kwa mvua za Uluguru hakudumu. Kabla ya kubana nyaya, geuza usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho uone kama kuna waya unaobanwa shingoni. Hapo ndipo nyaya nyingi hukatikia.

Sasa kusoma. Asubuhi, kabla ya kuwasha, taa zote zikiwa zimezimwa: 12.6 kwenda juu betri imejaa, 12.4 ipo kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 imebaki kama robo. Namba hizi zina maana betri ikiwa imepumzika usiku. Ukizima injini sasa hivi ukaona 13.0 usifurahi, huo ni umeme wa juu juu, utashuka.

Injini ikinguruma ukiwa umevuta moto kidogo (umezungusha mkono wa mafuta) inatakiwa 13.8 hadi 14.4 hivi. Kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kuvuta moto, itakuwa chini ya hapo, ni kawaida. Ikibaki 12 na kitu hata ukivuta moto, betri haichajiwi au mzigo umezidi. Ikipita 15, simama utafute reguleta (kidhibiti cha umeme wa chaji) mapema, kwa sababu inapika betri, na hiyo yako ya kuziba huwezi kuiongezea maji.

Geji ikifungwa, pima mambo manne uyalete hapa: asubuhi kabla ya kuwasha, sailensa vitu vyote vikiwaka, moto umevutwa vitu vyote vikiwaka, na moto umevutwa bila spoti.

MtuWaKitonga

Nami nijibu la joto. Hizi injini zetu zinapozwa na upepo, na geji rahisi ni ile yenye pete inayokaa chini ya plagi. Mimi nimeifunga na napanda Kitonga na mzigo. Inasaidia kuona joto likipanda kuliko siku zote, basi nasimama.

FundiWaya

Ni kweli, ila inapima joto la pale kwenye plagi tu, kwa hiyo ilinganishe na mazoea ya pikipiki yako mwenyewe, sio na ya jirani. Kwa milima ya Mgeta mimi ningeanza na saa ya kuhesabu masaa ya injini. Waya wake unaviringishwa juu ya waya wa plagi, ina kibetri chake ndani, haigusi umeme wa pikipiki. Dada anapanda kwa gia ya kwanza na ya pili, kilomita zinaonekana chache wakati injini imefanya kazi kutwa nzima. Akibadilisha oili kwa kuhesabu kilomita peke yake, oili inachelewa.

UganiMgeta

Wakuu nashukuru sana. Nimempelekea fundi maelezo haya, rilei imefungwa, geji iko kwenye usukani upande wa klachi. Taa kubwa inawaka injini ikiwa imezimwa. Namba zangu:

Asubuhi kabla ya kuwasha 12.2. Sailensa vyote vikiwaka 12.3. Moto umevutwa vyote vikiwaka 12.9. Moto umevutwa, spoti zimezimwa, 14.1.

Je, betri ndiyo mbovu?

FundiWaya

Hapana dada, usinunue betri. Hiyo 14.1 inasema magneti na reguleta ni wazima. Tatizo ni mzigo. Taa kubwa inakula betri hiyo hiyo, ongeza spoti wati 40, ongeza simu kama wati 10. Ukishuka Nyandira kwa moto mdogo na ukungu, vyote vinawaka na magneti inazunguka polepole, unachota kwenye betri kuliko unachorudisha. Ndiyo maana asubuhi iko nusu. Betri ikikaa nusu siku zote, salfeti inaganda kwenye sahani zake na haitajaa tena, na hicho nadhani ndicho kilichoua ile ya kwanza.

Kwanza ijaze kwa chaja ndogo ya ukutani, ya nusu ampea hivi, usiku kucha. Chaja kubwa ya gari usiiguse, kwa betri ya 5Ah itaichemsha. Halafu tenganisha swichi za spoti ili moja iwake peke yake. Kwenye ukungu taa moja iliyofungwa chini inatosha, mwanga mwingi unakurudia machoni. Simu ichaji wakati wa kupanda, moto ukiwa juu.

Na fundi akupimie zile spoti kwa multimita upande wa ampea 10, waya ukikatwa na kupitishwa kwenye mita. Wati 20 ni kama ampea 1.6 kila moja. Maandishi ya kwenye boksi na umeme ambao taa inakula kwa kweli mara nyingi havifanani. Ukipata 2.5 au 3 kwa taa moja, itoe utafute ndogo zaidi. Fuata geji: ukiona moto umevutwa na taa zinawaka inafika 13.5 kwenda juu, mzigo huo pikipiki yako inaumudu.